Taa ya Kanyonza

Muyama,
2 Juni 2013

Shemeji Zena,

Natumaini eda imekwisha salama. Nimehesabu siku kama ulivyozihesabu wewe, miezi minne na siku kumi tangu tarehe 14 Januari tulipomkosa Khamisi. Nimesubiri iishe ndipo niandike, maana mjane aliye edani hasumbuliwi. Ungepokea simu zangu nisingeharibu karatasi, lakini Immakulata, mpwa wangu anayeuza maharage sokoni Kasulu, amenifikishia maneno yako kama yalivyo: "Mwambie mjomba wako sauti yake siitaki nyumbani kwangu. Akiwa na neno aandike." Basi naandika.

Neno lenyewe ni taa. Tangu Aprili kuna nguzo ya chuma kwenye kilima cha Kanyonza, ina paneli ya sola na taa nyeupe inayojiwasha jua likizama na kujizima jua likichomoza. Fundi aliyeisimika alisema ametumwa na wewe. Sibishi. Shamba lile la kahawa, kuanzia bondeni mpaka kileleni, lilikuwa la marehemu na sasa ni lako na watoto. Lakini unajua kileleni kuna nini. Kuna jukwaa la mawe tulilolijenga mimi na mumeo mwaka 1997 kwa mikono yetu, la kutazamia nyota. Miaka kumi na sita tumepanda pale kila giza la mwezi, mwalimu wa fizikia na muuza vitenge, watu wakitucheka. Sina mahali pengine. Kasulu mjini kuna taa, nyumbani kwangu kuna miti na majirani, na miguu ya mzee wa miaka sitini na saba haitaki kuzoea kilima kipya.

Kila usiku tulianza na kazi moja, kuhesabu nyota za Kilimia kwa macho matupu. Ndiyo iliyokuwa kipimo chetu cha giza. Mjini mtu anaona sita, akijitahidi. Desemba iliyopita, kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipofungwa na mioto yake yote ikazimika, nilihesabu kumi na mbili. Sijapata kuona giza zuri kama lile. Aprili hii, kabla Kilimia hakijazama, chini ya taa yako nilihesabu tano.

Naomba taa izimwe. Hata kama ni siku za giza la mwezi tu.

Wako,
Mwl. Makarius


Kasulu,
9 Juni 2013

Mwalimu,

Salamu sikuletei, kwa hiyo usizitafute. Na shemeji usiniite. Ushemeji wako ulikuwa kwa mume wangu, na mume wangu ulimwacha korongoni.

Unanihesabia nyota. Mimi nina hesabu fupi zaidi. Walipanda watu wawili, asubuhi akashuka mmoja akiwa na tochi mkononi. Polisi walipokuuliza ulisema, "Alitangulia." Mimi nilipokuuliza msibani, mbele ya watu, ulisema, "Alitangulia." Miaka kumi na sita mlishuka pamoja, usiku huo mmoja ndiyo akatangulia. Anatangulia kwenda wapi karibu na saa sita usiku, bila tochi, mwenzake bado ameketi juu anatazama mbingu? Kama si Pasikali wa bodaboda kumfuata alfajiri, nadhani ungeshuka, ukampita na kwenda kunywa chai yako.

Taa ile nimeiweka hatua ishirini chini ya jukwaa lenu, pale pale njia inapopinda kwenye korongo. Niliagiza isimikwe nikiwa ndani ya eda, ili asije mtu mwingine akavunjika shingo mahali pale. Kama inakuuma macho, vizuri. Mwenye macho haambiwi tazama, na wewe una macho makali kuliko watu wote wa wilaya hii, au ndivyo ulivyotuaminisha.

Halafu unasema Mtabila ilipofungwa giza likawa zuri. Mimi nilikuwa dukani siku malori yanapita. Wale walikuwa wateja wetu. Mama mmoja aliteremka kwenye lori, akanirudishia ndoo aliyokuwa ameiazima tangu kiangazi, akapanda tena akaenda zake. Ndoo yenyewe ninayo mpaka leo. Wewe ulikuwa kilimani unahesabu nyota kumi na mbili na kufurahi.

Taa haizimwi.

Zena binti Nasoro, mjane wa Khamisi


Muyama,
21 Juni 2013

Bi Zena,

Shemeji nimelifuta kama ulivyotaka.

Kuhusu Mtabila umenionea. Watoto wa kambi ile niliwafundisha miaka minne, na wapo ambao majina yao nayakumbuka kuliko ya wapwa zangu. Nilisema giza lilikuwa zuri. Sikusema kuondoka kwao kulikuwa kuzuri. Mtu aliyesoma mpaka darasa la saba anaweza kutofautisha mambo hayo mawili.

Sikuombi tena uizime. Naomba uivishe kofia. Fundi bati yeyote wa Kasulu atakata kipande kwa nusu saa, kikae juu ya taa na kuelekeza mwanga chini. Njia itamulikwa, korongo litamulikwa, mbingu zitaachwa. Taa inayomulika angani haimwokoi mtu, maana watu hawaangukii juu.

Hilo ni ombi la mwisho la hiari. Ukikataa nitalifikisha serikali ya kijiji. Mwenyekiti nilimfundisha kidato cha pili. Hesabu zilimshinda, lakini ananiheshimu.

Na nilisema alitangulia kwa sababu alitangulia. Sina la kuongeza. Mwenye swali anauliza kwa adabu, hapigi kelele kwa kalamu.

Mwl. Makarius


Kibondo,
30 Agosti 2013

Mwalimu,

Nimehamia Kibondo kwa kaka yangu Nurudini, tunauza pamoja dukani kwake. Usifurahi mapema, taa haikuhama.

Mwenyekiti wako, yule aliyeshindwa hesabu, amenipigia simu juzi. Alicheka mpaka nikadhani amepaliwa. Anasema sungusungu wa zamu walikuta mzee mzima mwenye mvi ameikumbatia nguzo yangu, gunia tupu la mkaa ameliuma kwa meno, na chini ya nguzo kuna tochi imefungwa kitambaa chekundu. Wengine walisema mchawi. Wengine walisema ni mtu anayewapa ishara watu wa ng'ambo ya mpaka. Mmoja akamulika vizuri akasema, "Jamani, ni mwalimu wangu wa fizikia." Nurudini alilazimika kutoka nje ya duka acheke. Mimi sikucheka, Mwalimu. Niliwaza kwamba kwa ajili ya taa unaweza kupanda nguzo na umri huo, lakini kwa ajili ya rafiki yako hukuweza kuteremka hatua ishirini.

Ulipokuwa unahangaika na gunia uliivunja kioo. Fundi ameshabadilisha. Nimemwagiza aongeze ya pili, na hiyo inalitazama jukwaa lenu moja kwa moja. Kofia siweki.

Zena


Muyama,
12 Septemba 2013

Bi Zena,

Ni kweli nilipanda. Nilitaka kuifunika usiku mmoja tu na kuifunua asubuhi. Siku mbili nimekalishwa ofisi ya kijiji nikieleza kwamba kitambaa chekundu kwenye tochi ni cha kuyalinda macho, maana mwanga mweupe ukikupiga unapoteza nusu saa kabla hujaona tena gizani. Hakuna aliyeelewa. Jana bibi mmoja jirani alinisalimia, "Mwakeye, mwalimu," kisha akarudi nyuma hatua tatu akanipisha njia nzima. Miaka thelathini na moja nimefundisha katika kata hii, na sasa wazazi wanawavuta watoto nikipita.

Nimepanda mara moja tangu ulipoweka taa ya pili. Niliketi kwenye jukwaa letu nikakiona kivuli changu mwenyewe usiku wa manane. Kilimia kimesharudi kwenye mbingu za alfajiri, nikahesabu nyota tatu.

Nakuchukia, Bi Zena. Naandika hivyo kwa sababu nimechoka kuandika "naomba". Giza lile ndilo lililobaki katika maisha yangu. Mke sina, shule wameshanistaafisha, rafiki nimemzika, na wewe umepandisha taa mbili juu ya kaburi la kila kitu.

Wewe ulimjua Khamisi wa dukani. Wa kilimani hukumjua. Kuna mambo yake niliyoyabeba mimi, ambayo laiti ungeyajua usingethubutu kuniandikia kama unavyoniandikia. Endelea kuwasha.

Makarius


Kibondo,
3 Julai 2014

Mwalimu,

Miezi kumi sikukujibu kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kukujibu bila kutukana.

Sasa ni Ramadhani. Juzi wamenipigia kutoka msikitini kwetu Kasulu. Unajua msikiti ule haufuati redio, unafuata jicho la mtu wake, na miaka tisa jicho lilikuwa la Khamisi. Kila mwisho wa mfungo alipanda Kanyonza jioni kuutazama mwezi mwandamo, akashuka kuapa mbele ya imamu, watu mia tatu wakafungua kwa neno lake. Mwaka jana waliyumba wenyewe kwa wenyewe. Mwaka huu wananiuliza mimi nani atapanda. Nimewaambia sijui.

Nataka daftari. Lile la kijani mlilokuwa mkiandika kila mlichokiona. Ni la dukani kwangu, nililitoa rafuni kwa mkono wangu. Nalitaka lote, si kurasa utakazonichagulia. Immakulata amkabidhi kondakta wa basi la Kibondo, nitalipokea stendi.

Zena


Muyama,
10 Julai 2014

Bi Zena,

Umeanza na msikiti, lakini najua unautafuta ukurasa gani. Unautafuta wa tarehe 14 Januari 2013. Unataka kuona niliandika nini usiku ule, kisha uupeleke polisi. Mimi si mtoto.

Daftari haliendi popote. Nusu ya mwandiko ni wangu, na kwa miaka mitatu ya mwisho ni wangu wote. Lakini kwa kuwa wewe ni mfanyabiashara tufanye biashara. Zima taa zote mbili mwezi mzima. Nikipanda nikahesabu Kilimia kumi na mbili kama zamani, nitafikiria kukuletea. Kufikiria, sikusema kuleta.

Nakukumbusha pia kwamba mimi ndiye niliyebeba jeneza lake upande wa miguu. Wewe ulinitazama siku ile kama mtu anayetazama mwizi.

Makarius


Kibondo,
18 Julai 2014

Mwalimu,

Umeandika jambo moja bila kujua. Umesema miaka mitatu ya mwisho mwandiko wote ni wako. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi, na nimemwachia Nurudini duka ili nikujibu.

Khamisi alikuwa haoni. Ni presha ya macho. Daktari alitwambia Kigoma mwaka 2010, akasema kilichokwenda hakirudi na kilichobaki kitafuata. Aliniapisha nisimwambie mtu. Dukani nilimfungia mafundo kwenye pembe za vitenge, fundo moja la bei ya chini, mawili ya kati, matatu ya juu, akauza kwa vidole na hakuna mteja aliyejua. Niliweka balbu kubwa juu ya meza kwa sababu taa kali ndiyo pekee iliyomfikia. Nilimfunga kamba za viatu. Siku za kilimani nilimpandisha mwenyewe kwenye pikipiki ya Pasikali, na njia ya juu aliijua kwa miguu. Nilijua haoni nyota. Nilidhani anakwenda kukaa mahali ambapo kila mtu yuko gizani, awe sawa na wengine. Ningemkataza, mji ungeuliza kwa nini, kwa hiyo sikumkataza. Hilo nalibeba mimi, wala sikuachii wewe hata chembe yake.

Nilipokuandikia habari ya tochi nilikuwa namfichia. Tochi isingemsaidia. Taa kama ile niliyoisimika ingemsaidia, nami nimeisimika akiwa amekwisha kufa. Nilikuchukia kwa sababu niliamini hukujua. Miaka mitatu umeketi ubavuni mwake, wewe unayeona nyota ya kumi na mbili, hukuona kwamba mwenzako haoni. Sasa nasoma mwandiko ulikuwa wako wote. Kumbe ulijua.

Polisi sina haja nao, na ukurasa wa Januari sikuufikiria. Nautaka wa tarehe 18 Agosti 2012. Jioni ile mjini hatukuona kitu, moshi ulijaa magharibi. Yeye akashuka, akaapa kwamba ameuona mwezi, na kesho yake watu mia tatu wakala Idi. Nilikaa nimejifunika kanga jikoni, pilau iko motoni, najua mume wangu hawezi kuona hata mkono wangu. Sikumuuliza. Baada ya kufa kwake, kila mwaka namfungia saumu ya siku moja. Lakini kama mwezi haukuwapo, siku ile si ya kwake peke yake, ni ya watu wote wale, na imamu lazima aambiwe wailipe. Nalala na jambo hili na kuamka nalo.

Swali langu ni moja, na nauliza kwa adabu kama ulivyotaka. Mwezi ulikuwapo?

Zena


Muyama,
25 Julai 2014

Bi Zena,

Daftari lote hili hapa. Immakulata amelifunga kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu ya vumbi.

Tarehe 18 Agosti 2012 utakuta hivi: "Jua limezama saa 1:01. Moshi wa nyasi magharibi, upana wa viganja viwili. Mwezi umeonekana saa 1:19 kwa darubini ya macho mawili, juu ya moshi, kushoto kwa mti mkavu. Saa 1:24 umeonekana kwa macho matupu. Umezama katika moshi saa 1:38." Na mchoro nimechora. Mwezi ulikuwapo. Niliuona mimi.

Yeye hakuuona. Nilimwambia uko kushoto kwa mti mkavu, akainua uso akatazama kulia, machozi yakimtoka, akasema, "Nimeuona, Makarius." Nilijua hajauona na yeye alijua kwamba najua. Tulishuka nimemshika kiwiko. Mwaka wa nyuma yake ilikuwa hivyo hivyo, na mwaka mwingine kabla ya huo. Msikiti wenu haupokei jicho la Mkristo, basi jicho langu lilipita katika kinywa chake. Aliniapisha mimi pia. Kesho yake ulinitumia sahani ya pilau, nikaila yote.

Ningeweza kuishia hapa, maana umeuliza swali moja. Lakini umesema ukurasa wa Januari hukuufikiria, na daftari ninalokuletea ni lote. Utaufikia tu. Afadhali usome kwangu kwanza.

Usiku ule tuligombana. Mji mzima ulikuwa bado unamsifu kwa mwezi wa Agosti. Mjini nilimsikia mtu akisema jicho la Khamisi ni zawadi ya Mungu, ikaniingia vibaya. Nilimwambia mwaka huu simtazamii tena, awaambie ukweli au aseme aliyeuona ni nani. Akanijibu, "Ushahidi wako haupokelewi hata ungeona miezi kumi." Alisema kwa upole, ndiyo maana iliniuma. Nikamwambia, "Basi shuka na macho yako." Akainuka, akashuka.

Ukurasa unasema: "Saa 5:35 usiku. Kilimia 12. Saa 5:41. Mawe yanaporomoka upande wa korongo. Nyani."

Nyani hawatembei usiku. Nimeishi vilima hivi tangu nizaliwe, na nilipokuwa naliandika neno lile nilijua kwamba hawatembei. Nilikuwa na hasira. Nilitaka apapase kidogo, arudi aniite, aniombe mkono. Nikasubiri aniite. Hakuita, nami nikajilaza juu ya mawe nikapitiwa na usingizi. Pasikali ndiye aliyeniamsha kwa kelele zake.

Kwa hiyo nilikudanganya kwa neno la kweli. Alitangulia. Nilikuacha unichukie kwa kutojua, kwa sababu ilikuwa nafuu kuliko kuchukiwa kwa kujua. Taa zako fanya utakavyo. Ukitaka kulipeleka daftari polisi, kondakta wa basi anakipita kituo chao asubuhi na jioni.

Makarius


Kibondo,
11 Agosti 2014

Mwalimu,

Daftari limefika. Nimelisoma lote, hata mahali ulipoandika mawingu, mawingu, mawingu. Kuna usiku mmoja umeandika, "K. ameniuliza Kilimia kikoje leo, nimemweleza nyota moja moja mpaka akasinzia." Huo nimeukata kwa mkasi, nimebaki nao. Mengine yote nakurudishia. Polisi siendi.

Idi nimeilia Kasulu. Siku ya pili yake nilimfuata imamu nyumbani kwake nikamwambia yote. Nilimwambia mume wangu alikuwa haoni, na mwezi wa mwaka ule hakuuona yeye, aliuona Mkristo wa Muyama. Mkewe akaleta kahawa, imamu akamwashiria aondoke nayo.

"Mwezi ulikuwapo?" akaniuliza.

"Ulikuwapo. Umeandikwa na saa yake."

"Basi watu hawana cha kulipa. Na Khamisi tumwombee."

Hakuuliza jina lako, nami sikulitaja. Naona nikuambie hilo, kwa kuwa jina ndilo lililokupandisha hasira usiku ule. Ile siku moja ninayomfungia sitaifunga tena. Nimelala usiku mzima kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi. Hilo umenipa wewe, na si haki yangu kulikana.

Kukusamehe sijakusamehe. Nimejaribu, nimeshindwa, na sitajaribu tena mwaka huu.

Lakini taa nimezizima. Fundi alipanda jana, akazishusha zote mbili na nguzo yake, akaniletea Kibondo zikamulike mlango wa duka. Niliziweka ili asianguke mtu asiyejua njia, na anayepanda pale sasa ni mmoja tu, naye njia anaijua. Kilimia kitakuwa juu alfajiri wakati huu, nenda kahesabu. Watu wa Mtabila hawapo, Khamisi hayupo, nami nimeondoka. Giza ulilolitaka ni lako lote.

Ukimaliza kuhesabu, shuka taratibu. Umri umekwenda, na mawe ya pale hayashikiki. Yakiporomoka, wa kusikia akisikia, atasema ni nyani.

Zena binti Nasoro